SITI BINTI SAAD: MFINYANZI ALIYEIMBA

Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii tunaiandika kila siku katika insha zetu, nami nakiri kwamba niliikariri tangu shule ya msingi bila kuijua maana yake sawasawa. Aliyenifundisha ni mwanamke aliyefariki zaidi ya miaka sabini iliyopita. Jina lake Siti binti Saad wa Unguja.

Wasomaji wapenzi, niwaeleze kwanza kwa nini nimemchagua yeye. Mama yangu ni mfinyanzi. Anafinyanga vyungu na mitungi, na kila Jumamosi tunavibeba kwenda kuviuza sokoni. Nilipokuwa kidato cha kwanza, mwenzangu mmoja aliniona nimejitwika chungu. Jumatatu yake darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo nikawa bingwa wa visingizio. Mara kichwa kinaniuma, mara nina hesabu za kumaliza. Mama hakusema kitu. Alijitwika vyungu vyake akaenda peke yake.

Basi mwaka jana mwalimu mlezi wa chama chetu alinipa kitabu cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad, nikakisome wakati wa likizo. Nilikimaliza kwa siku mbili.

Siti alizaliwa mnamo 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi na mama yake alikuwa Mzigua. Mtoto akapewa jina Mtumwa. Hebu fikiria, mtu kuitwa Mtumwa! Wakati huo utumwa ulikuwa bado halali Unguja. Sheria ya kuukomesha ilitolewa mwaka wa 1897, naye ameshakuwa msichana mkubwa. Shuleni hakwenda. Alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, akawa anatembeza vyungu kwa miguu mpaka mjini akivinadi kwa sauti. Sauti yenyewe ilikuwa nzuri na yenye nguvu, hata watu wakaanza kuitambua kutoka mbali kabla hawajamwona mwenyewe.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko aliishi Ng'ambo, upande wa watu wa hali ya chini. Taarabu nayo wakati huo ilikuwa jambo la wakubwa. Ilianza kusitawi katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, na iliimbwa kwa Kiarabu. Waliosifika kwa kuimba walikuwa wanaume. Sasa mwanamke kutoka shamba, asiyejua kusoma wala kuandika, angeingilia wapi?

Alipata mwalimu. Mwanamuziki mmoja aliyeitwa Muhsin Ali aliisikia sauti yake akakubali kumfundisha. Siti alijifunza kwa kusikiliza na kukariri, maana daftari lisingemsaidia. Baadaye akajiunga na wapigaji na waimbaji wengine, wakiwamo Subeti bin Ambari, Maalim Shaaban na Mbaruku. Kundi hilo likaalikwa harusini, katika nyumba za matajiri na hata kwa Sultani. Ndipo lile jina la Mtumwa lilipoachwa, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Lakini je, watu walinyamaza? Wapi! Wenye kijicho walimsimanga kwa sura yake, kwa nguo duni alizokuja nazo mjini na kwa vyungu alivyokuwa akiuza. Siti hakugombana na mtu. Aliwajibu kwa wimbo, akawaambia kwamba uzuri wa mtu ni akili na mwenendo wake, wala si sura. Nilipofika hapo nilikifunika kitabu, nikakaa kimya kwa muda.

Mwaka wa 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay, Bara Hindi, kurekodi santuri za kampuni iitwayo His Master's Voice. Akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa namna hiyo. Kazi haikuwa rahisi. Upande mmoja wa santuri za siku hizo ulibeba muziki wa dakika tatu hivi tu, na wimbo wa taarabu uliozoea kwenda taratibu usiku kucha ilibidi ukatwe utoshe. Hata hivyo santuri zilipendwa mno. Kufikia 1931 zilikuwa zimeuzwa santuri zipatazo 72,000 za Siti na kundi lake. Nyingi ziliimbwa kwa Kiswahili, kwa hiyo hata mtu asiyejua Kiarabu aliweza kusikiliza na kuelewa.

Tena hakuimba mapenzi peke yake. Wimbo wake wa Kijiti ulisimulia kisa cha kweli cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Muuaji alitorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio wakaadhibiwa. Wanyonge wasingeweza kuandika malalamiko gazetini, lakini waliweza kuyasikia katika santuri.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo Shaaban Robert alikuwa amekutana naye na kumsikiliza akieleza maisha yake, na ndiyo maana tunayajua leo. Bi Kidude, aliyefariki mwaka wa 2013, alikuwa miongoni mwa waliofuata nyayo zake. Waandishi wa habari wanawake wa Tanzania nao, walipoanzisha jarida lao miaka ya themanini, waliliita Sauti ya Siti.

Wenzangu, wengi tukimsifu Siti tunasema aliinuka akaviacha vyungu. Mimi naona vingine. Vyungu vilikuwa shule yake. Ni nani aliyemzoeza kupaza sauti mbele za watu asiowajua, siku baada ya siku, kama si ile njia ya Fumba hadi mjini? Walichokuwa wakimcheka nacho ndicho kilichomuunda.

Jumamosi ya kwanza baada ya likizo niliamka mapema, nikachukua ngata, nikamwambia mama nitabeba mtungi mkubwa. Alinitazama tu, akanisaidia kujitwika. Sokoni nilimwona yule yule mwenzangu aliyenicheka. Miguu ilitaka kukimbia. Nikamsalimu, naye akaitikia. Baadaye kidogo akarudi na mama yake, wakanunua chungu cha kupikia maharagwe.

Mungu ailaze roho ya Siti mahali pema peponi.