Hakim Ajmal Khan: Tabibu Aliyeitetea Tiba ya Yunani

Katika toleo hili nimeonelea nikusimulie maisha ya tabibu mmoja wa Bara Hindi, Hakim Ajmal Khan wa Delhi. Najua wapo watakaouliza, huyo na chama chetu cha Kiswahili wapi na wapi? Ngoja kwanza. Dawa, tiba na tabibu ni maneno tuliyoyapata kutoka Kiarabu, na wasemao Kiurdu kule Delhi wanayo pia. Na neno Hakim lisikupotoshe. Huyu hakuwa hakimu wa mahakamani. Kwao hakim ni mwenye hekima, yaani tabibu.

Aliyoifanya ni tiba ya Yunani, na Yunani ndiyo Ugiriki. Chanzo chake hutajwa kuwa ni Hippocrates, aliyezaliwa katika kisiwa cha Kos yapata mwaka wa 460 K.K. Yeye na wafuasi wake walifundisha kwamba ugonjwa hauletwi na hasira za miungu, bali una sababu zake mwilini, katika chakula, maji na hewa. Katika karne ya pili B.K. Galen akaikuza elimu hiyo. Walisema mwili una majimaji manne: damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Yakilingana, mtu yu buheri wa afya. Moja likizidi, anaugua. Katika karne ya 9 Hunayn ibn Ishaq na wenzake mjini Baghdad wakatafsiri vitabu vya Galen kwa Kiarabu. Kisha Ibn Sina (980–1037) akaikusanya elimu yote katika kitabu chake cha Al-Qanun, ambacho hata vyuo vya Ulaya vilikisomesha kwa karne kadhaa. Matabibu wa Uajemi na Asia ya Kati wakaivusha mpaka India, na huko ikatia mizizi.

Basi Ajmal Khan alizaliwa Delhi mwaka wa 1868 katika ukoo wa matabibu waliowahi kuwatibu wafalme wa Kimoghul. Nyumba yao, Sharif Manzil, iko katika mtaa wa Ballimaran. Mtoto wa nyoka ni nyoka: kijana aliisoma Kurani, Kiarabu na Kiajemi, kisha akafundishwa utabibu na wazee wa nyumbani. Mnamo 1892 akaajiriwa kuwa tabibu wa Nawabu wa Rampur.

Kaka yake mkubwa alikuwa ameanzisha shule ya utabibu mjini Delhi. Kaka zake walipofariki, mzigo wote ukamwangukia yeye. Aliubeba barabara. Akafungua duka kubwa la dawa, Hindustani Dawakhana, lililotengeneza dawa kwa vipimo maalumu ili mgonjwa asiuziwe unga wa bure. Mwaka wa 1909 akafungua shule ya kuwafunza wanawake ukunga, maana akina mama wengi walikuwa wakifa wakati wa kujifungua. Inasimuliwa kwamba matajiri waliomwita nje ya Delhi walilipa rupia 1,000 kwa siku, lakini maskini waliofika mlangoni pake aliwatibu bila malipo.

Sasa tufike penye kiini cha habari yangu. India ilikuwa chini ya Mwingereza, na tiba za wenyeji zilidharauliwa. Serikali za majimbo, kama ile ya Bombay mwaka wa 1912, zilitunga sheria za kuandikisha madaktari, na waliotambuliwa ni wale waliosoma kizungu. Mahakimu wa tiba ya Yunani na vaidya, ambao ni waganga wa tiba ya Kihindu ya Ayurveda, wakaachwa nje. Ajmal Khan aliona hatari mapema. Mnamo 1910 aliwaunganisha mahakimu na vaidya katika chama kimoja, Waislamu na Wahindu bega kwa bega, kwani umoja ni nguvu.

Lakini hakuwa mtu wa kupiga kelele tu. Mwaka wa 1911 alifunga safari ya Ulaya kujionea hospitali na vyuo. Inasimuliwa kwamba kule London, katika hospitali ya Charing Cross, daktari mpasuaji Stanley Boyd alimwonyesha mgonjwa mmoja. Boyd alidhani mfuko wa nyongo ndio mbovu. Ajmal Khan akashikilia kwamba ni kidonda cha zamani cha utumbo. Mgonjwa alipopasuliwa, lo! Kumbe hakim ndiye aliyesema kweli.

Aliporudi alijenga chuo kikubwa, Tibbia College, ambamo tiba ya Yunani na Ayurveda zilifundishwa chini ya paa moja, pamoja na elimu ya viungo vya mwili na upasuaji wa kisasa. Jiwe la msingi liliwekwa na Lord Hardinge, mtawala wa Kiingereza, mwaka wa 1916. Aliyekuja kukifungua mnamo Februari 1921 ni Mahatma Gandhi, adui mkubwa wa utawala huo huo! Katikati ya miaka hiyo mambo yalikuwa yamegeuka. Serikali ilikuwa imempa Ajmal Khan jina la heshima la Haziq-ul-Mulk, na mwaka wa 1920 akalirudisha ili kupinga dhuluma. Desemba 1921 aliongoza mkutano wa chama cha Congress mjini Ahmedabad, maana rais aliyechaguliwa, C. R. Das, alikuwa kifungoni.

Pia alikuwa mkuu wa kwanza wa chuo cha Jamia Millia Islamia, kilichoanzishwa mwaka wa 1920. Kilipokaribia kufungwa kwa ukosefu wa fedha, alitoa pesa zake mwenyewe, na mwaka wa 1925 kikahamia Delhi.

Chema hakidumu. Desemba 1927 maradhi ya moyo yalimwondoa duniani. Ila kabla ya hapo alikuwa amemhimiza kijana mmoja aliyesomea kemia Ujerumani, Salimuzzaman Siddiqui, azichunguze dawa za mitishamba katika maabara. Mwaka wa 1931 Siddiqui alipata kemikali katika mzizi wa mmea uitwao Rauwolfia serpentina, akaiita ajmaline kwa heshima ya mlezi wake. Hadi leo madaktari huitumia kuchunguza hitilafu za mapigo ya moyo.

Mmea huo una ndugu yake huku kwetu. Wakikuyu huuita mwerere, na Wachagga huuita msesewe. Wenzangu, baadhi yetu tukisikia mitishamba tunacheka, eti ni ushamba. Wengine nao wanameza kila wanachouziwa sokoni. Ajmal Khan hakuyafanya hayo mawili. Fundisho la majimaji manne sayansi imeshaliacha, lakini ule mzizi ulipopimwa ukaonekana una kitu. Nyinyi mnaosoma kemia na biolojia, miti ya bibi zetu ingali msituni inawangoja, na misitu yenyewe inakatwa kila kukicha. Nawaaga hapo, tuonane toleo lijalo inshallah.