Ibn Sina na Pia ya Goti

Mwezi uliopita nilikuwa Kitengela kwa mwanangu. Baada ya sala ya alasiri goti langu la kulia lilikataa kuinuka, na safari yetu ya Kajiado ikaahirishwa. Imamu, Mungu amjazi kheri, aliniletea kiti. Nami, kwa kiburi cha asiyekubali uzee, nilikiona kiti kile kama tusi. Usiku nikamkumbuka Abu Ali Ibn Sina, ambaye jina lake nililisikia kwanza chuoni.

Alizaliwa mwaka 980 kijijini Afshana, karibu na Bukhara. Alipotimiza miaka 10 alikwisha kuhifadhi Kurani Tukufu. Naye angali kijana wa miaka 17 hivi alimtibu Amiri Nuh bin Mansur, akafunguliwa maktaba ya kasri. Kisha dola ya Wasamani ikaanguka, akawa hana kituo: Gurganj, Jurjan, Rayy, Hamadan. Hamadan alikuwa waziri mchana, usiku akisomesha. Katika kuhama huko ndimo alimoandika Qanun, kitabu chake kikuu cha utabibu.

Humo mna mlango mfupi juu ya goti. Anaeleza kuwa vifundo viwili vya ncha ya fupa la paja huingia katika vishimo viwili vya kichwa cha muundi, na kano huvishika: ya kuzunguka, ya ndani kabisa, na mbili zenye nguvu ubavuni. Mbele ikawekwa pia ya goti, ili kiungo kisichanike wala kuteguka mtu apigapo magoti, kwani kishindo cha kukunja huelemea mbele. Mengi aliyarithi kwa Galeni Myunani, tusimzidishie. Wala hakutaja kwamba pia hiyo ni wenzo, iuongezeao nguvu msuli wa paja kunyosha mguu. Wapimaji wa leo wameona kuwa kutembea tu hulitwika goti mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili. Paja likidhoofu, goti hutaabika.

Ndivyo alivyonieleza daktari nilipofika Kajiado hatimaye: nipunguze kitambi, nilitie paja nguvu, na kiti si aibu.

Ibn Sina baadaye alifungwa ngomeni miezi 4, akatoroka kwa vazi la Kisufi hadi Isfahan. Msokoto wa tumbo ulimpata safarini. Alipofika Hamadan aliacha dawa, akawapa watumwa wake uhuru, akatoa sadaka, akawa akihitimu Kurani kila siku 3, hata akafa mwaka 1037, umri miaka 57 hivi.

Mimi mwakani natimiza umri huo. Ijumaa nilisali kitini.