Jacques Tati: jamaa aliyefilisika ili watu wacheke

Wadau, kama umewahi kumcheki Mr. Bean ukacheka mpaka mbavu zikauma, basi kuna Mfaransa mmoja lazima umfahamu. Anaitwa Jacques Tati. Rowan Atkinson, yule anayeigiza kama Mr. Bean, ameshaeleza kwamba filamu za huyu mzee zilimgusa sana, na ukiziona utaelewa kwa nini. Tati hakuhitaji matusi wala makelele. Mwili wake tu ulitosha.

Jina lake kamili ni Jacques Tatischeff, maana babu yake alikuwa Mrusi. Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1907 huko Le Pecq, karibu na Paris. Familia yake ilikuwa na biashara ya kutengeneza fremu za picha na baba yake alitaka kijana airithi. Ila dogo hakung'ara shuleni na hizo fremu hakuzipenda. Alipenda raga. Alikuwa mrefu kama mlingoti, na mechi ikiisha anawaigizia wenzake golikipa, bondia, mcheza tenisi, hata mpanda farasi pamoja na farasi wake! Wenzake hoi. Miaka ya 1930 akaupeleka utani huo jukwaani, watu wakalipa kuuona.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1943, alipata hifadhi kwenye kijiji cha Sainte-Sévère. Mwaka 1947 akarudi palepale kupiga filamu yake ndefu ya kwanza, Jour de fête, iliyotoka 1949. Ni habari ya tarishi wa posta anayeona sinema ya jinsi Wamarekani wanavyosambaza barua kwa kasi, na yeye anataka kuwaiga kwa baiskeli yake. Wanakijiji wenyewe waliigiza humo. Alitumia kamera mbili, moja ya rangi na nyingine ya kawaida, lakini ile teknolojia ya rangi ikagoma kusafishika, watu wakaona nyeusi na nyeupe tu. Mwaka 1995 binti yake, Sophie, akafanikisha rangi zile kuonekana. Mzee mwenyewe alishafariki.

Mwaka 1953 akaja na Les Vacances de Monsieur Hulot, na hapo ndo akazaliwa Bwana Hulot: kiko mdomoni, suruali fupi, anatembea ameinama mbele kama anasukumwa na upepo. Ni mtu mwenye adabu zake, hana nia mbaya na mtu, ila kila anapopita kitu kinaharibika. Kuna sehemu gari lake linapata pancha karibu na makaburi, mpira wa ndani unabingirika kwenye majani makavu, majani yananata, watu wa msibani wanadhani ni shada la maua! Hakuna neno hata moja la kukutafsiria.

Kisha Mon Oncle, 1958. Humo kuna familia yenye nyumba ya kisasa na sanamu ya samaki anayetema maji bustanini. Mama mwenye nyumba anamwasha samaki mgeni akibisha hodi, akiona ni wa kawaida tu anamzima. Kuna asiyewajua watu wa hivyo? Filamu hiyo ikabeba Oscar ya filamu bora ya kigeni.

Hapo angeweza kutulia ale pesa zake. Hakutulia. Kwa ajili ya filamu ya Playtime alijenga mji mzima wa vioo na vyuma pembeni mwa Paris, wenye barabara na mtambo wake wa umeme. Watu wakauita Tativille. Kimbunga kikabomoa sehemu yake, akajenga upya. Utengenezaji wa filamu ukaanza 1964 ukaisha 1967. Pesa zilipokata akakopa, akaweka rehani nyumba yake na haki za filamu zake za nyuma.

Playtime ikatoka Desemba 1967, ikadunda. Watu walimtaka Hulot mbele ya kamera, yeye kamchanganya katikati ya umati. Mzee akafulia. Nyumba ikaenda, haki za filamu zikaenda, na ule mji ukavunjwa ingawa alitamani ubaki kwa ajili ya watengeneza filamu vijana. Alitoa nyingine mbili tu, Trafic (1971) na Parade (1974), akafariki Novemba 1982 akiwa na miaka 75.

Lakini cheki mambo yalivyogeuka. Playtime ilisafishwa upya mwaka 2002, na leo wahakiki wengi wanaiweka kwenye orodha za filamu bora kuwahi kutengenezwa. Filamu iliyomwangusha ndo inayombeba jina.

Siri yake nini? Mimi naona ni kwamba Tati alicheka na vitu, hakumdhalilisha mtu: mlango unaogoma, kiti kinachotoa mlio, mtu anayejifanya wa kisasa. Vitu hivyo havina nchi wala havizeeki. Ukizipata filamu zake kafe, ushauri wangu ni huu: omba hedifoni. Maneno ni machache kweli, ila nusu ya vichekesho imo kwenye milio.

Haya wadau, swali kwenu: nyumba yako ungeiweka rehani kwa ajili ya ndoto ambayo watu wataielewa ukishakufa?