Marehemu Mbaraka na Wajibu Wetu

Huko Marekani Jimmy Smith aliinyanyua jazi kwa kinanda. Hapa kwetu Marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyezaliwa mwaka 1944, aliinyanyua kwa gitaa na kwa Kiswahili. Akiwa na Morogoro Jazz alikwenda Japani kwenye Maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970. Mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Januari 1979 ajali ya gari karibu na Mombasa ilimwondoa, akiwa na miaka 34 tu.

Redio iliifikisha sauti yake Musoma, Bunda, Butiama na visiwani mwa ziwa letu, nayo ingali hai kwa kuwa ilirekodiwa. Je, bendi za Mara zimeacha nini? Ndugu viongozi, hapana budi kanda zao zikusanywe sasa, kabla wazee wazijuao hawajatutoka.