George Washington Carver: Mtafiti aliyepeleka sayansi shambani kwa mkulima mdogo

George Washington Carver alizaliwa utumwani karibu mwaka 1864, katika eneo la Diamond, jimbo la Missouri nchini Marekani. Tarehe halisi haijulikani. Angali mchanga alitekwa na wavamizi pamoja na mama yake. Mtoto alirejeshwa, mama hakuonekana tena.

Alitafuta elimu kwa kuhama mji hadi mji, akijikimu kwa kufua nguo za watu. Chuo kimoja huko Kansas kilichokwisha kumkubali kilimkataa kilipoiona rangi yake. Hatimaye alipata shahada ya kilimo mjini Ames, Iowa, mwaka 1894, na ya uzamili mwaka 1896, akiwa mtu mweusi wa kwanza kusoma na kufundisha katika chuo hicho. Mwaka huohuo Booker T. Washington alimwita Tuskegee, Alabama.

Huko alikuta ardhi iliyochoshwa na pamba na wakulima waliochoshwa na madeni. Wengi wao walilima mashamba ya wengine, wakichukua mbegu na chakula kwa mali kauli na kulipa kwa mavuno. Kituo cha utafiti kilipoanzishwa Tuskegee mwaka 1897 chini ya uongozi wake, Carver alitambua kuwa matokeo yanayodai mbolea ya dukani yangemwongezea mkulima huyo deni kabla ya kumwongezea gunia. Akageukia vilivyopatikana bure: majani ya msituni, tope la mabwawa na mboji. Akahimiza kunde na karanga zirudishe rutuba ya udongo baada ya pamba, na viazi vitamu viongeze chakula nyumbani.

Wakulima hawakuachwa wasubiri taarifa. Kila mwezi walikusanyika Tuskegee, wakakagua vitalu vya majaribio na kuleta udongo wao upimwe. Vijarida vyake, zaidi ya 40, viliandikwa kwa lugha nyepesi. Kwa wasioweza kufika, mwaka 1906 lilianza safari gari la kukokotwa na wanyama, lililopewa jina la mfadhili wake, Morris K. Jesup, likiwa na majembe, mbegu na vifaa vya maziwa. Thomas Campbell, aliyeajiriwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka huohuo, alilisimamisha katika shamba la mkulima mmoja, majirani wakaitwa, na kazi ikafanyika palepale. Leo tungeliita shamba darasa.

Umaarufu wake ulikuja kwa njia nyingine. Kijarida cha mwaka 1916 chenye njia 105 za kuandaa karanga kwa chakula, na ushahidi wake mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1921, vilimfanya aitwe bingwa wa karanga. Wengi humtaja hata kuwa mvumbuzi wa siagi ya karanga, jambo ambalo si kweli, na bidhaa zake nyingi hazikufika kiwandani.

Ushauri wake nao ulikuwa na mpaka ambao sayansi pekee haikuweza kuuvuka: pale mwenye ardhi alipotaka pamba ioteshwe hadi mlangoni, mpangaji hakuwa na nafasi ya kupanda kunde.

Carver alifariki Tuskegee tarehe 5 Januari, 1943, na kuzikwa kando ya Washington. Akiba yake aliiachia taasisi ya kuendeleza utafiti aliyoianzisha hapo.