Henry Muoria na Heshima ya Lugha ya Mama

Tunapowaenzi mashujaa wa uhuru, huwataja waliopigana msituni na waliofungwa Kapenguria. Ni nadra kumtaja Henry Muoria, ambaye silaha yake ilikuwa Kikuyu kilichoandikwa kwa ufasaha.

Muoria alizaliwa Kabete mwaka 1914. Hakusoma chuo kikuu. Alikuwa gadi wa treni, na uandishi wa habari alijifunza kwa njia ya posta. Mwaka 1945 aliacha reli akaanzisha gazeti la Mumenyereri, yaani mlinzi. Jomo Kenyatta aliporejea kutoka Uingereza mwaka 1946, gazeti hilo likawa jukwaa lake na la chama cha KAU. Lilijadili ardhi, elimu na haki za Mwafrika, na aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua.

Mwaka 1952 Muoria alisafiri kwenda London. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba, Mumenyereri lilipigwa marufuku pamoja na magazeti mengine ya lugha za Kiafrika. Mhariri akabaki ugenini, akarudia kazi ya ugadi katika reli za chini ya ardhi. Aliendelea kuandika hadi alipofariki mwaka 1997.

Kwangu mimi, mwanaisimu, maisha haya yana funzo moja: hakuna lugha iliyo maskini kwa asili, lugha hudumaa kwa kunyimwa kazi. Muoria aliipa Kikuyu kazi ya kujadili siasa na uchumi, nayo ikaimudu.

Wapo watakaosema lugha za mama huzaa ukabila. Hoja hiyo haipuuziki: baadhi ya redio za lugha hizo zililaumiwa kwa uchochezi katika ghasia za 2007 na 2008. Lakini uchochezi hutamkika kwa lugha yoyote, hata Kiingereza. Dawa yake ni uhariri wenye uadilifu, si kuifunga midomo.

Kimeru ni ndugu wa karibu wa Kikuyu. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kinoru aweza kumaliza shule bila kuandika insha moja kwa Kimeru kuhusu bei ya miraa au hali ya soko la Gakoromone. Walimu, tuanze na gazeti la ukutani. Gharama yake ni karatasi na gundi. Faida yake ni kizazi kinachoweza kuwaeleza wazazi wake mambo ya nchi kwa lugha wanayoielewa.