Van de Hulst: Mtaalamu aliyeitambua kazi ya vumbi la angani

MKAZI wa Loitokitok aliyewahi kuteremka hadi Amboseli wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa vumbi ni nini. Na akitazama kusini usiku wa Mei usio na mbalamwezi, ataona kando ya Msalaba wa Kusini doa jeusi, kana kwamba nyota zimefutwa hapo. Hilo nalo ni vumbi, laini kama moshi. Mmoja wa waliotumia ujana wao kulichunguza vumbi la namna hiyo ni Mholanzi Hendrik van de Hulst.

Alizaliwa Utrecht mwaka wa 1918. Masomo yake yalivurugwa na Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Wajerumani waliikalia nchi yake, na mwalimu wake, Marcel Minnaert, akatiwa kizuizini. Hata hivyo, mwaka wa 1944, akiwa na umri wa miaka 25, alionyesha kwa hesabu kwamba atomu pweke ya hidrojeni hutoa mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21. Mawimbi hayo yalinaswa Marekani mwaka wa 1951, kisha Uholanzi.

Sifa zake nyingi zatokana na ugunduzi huo, ingawa kazi yake kuhusu vumbi haikustahili kufunikwa. Atomu mbili zikigongana angani, nishati ya muungano wao hukosa pa kwenda, nazo huachana papo hapo. Van de Hulst alidokeza katika miaka ya 1940 kwamba punje ya vumbi ndiyo mshenga: atomu hutua juu yake, hutangatanga, hukutana na mwenzake; punje hupokea sehemu ya nishati, na molekuli huruka ikaenda zake. Gould na Salpeter walilipigia hesabu jambo hilo mwaka wa 1963.

Ajabu ni kwamba hidrojeni ikishapata mwenzi, huacha kutoa yale mawimbi ya sentimita 21. Hivyo mawingu mazito, ambamo nyota huzaliwa, yalikuwa kimya kwa chombo kilekile alichowapa wenzake. Ilibidi kungoja hadi 1970, roketi ya Mmarekani George Carruthers ilipoziona molekuli hizo kwa miali ya urujuanimno. Miaka miwili baadaye setilaiti SAS-2, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ilipima miali ya gama itokayo katika gesi ya angani, pweke na iliyoungana vilevile.

Van de Hulst alifundisha Leiden hadi 1984, akafariki Julai 31, 2000.